Balozi na Safari ya Pili

Mtu akiniuliza Balozi wetu alikuwa mtu wa namna gani, namuuliza kwanza: nikuanzie kwenye mitego au nikuanzie kwenye lori? Wanaoanza na mitego huondoka wakisema alikuwa mtu mwema. Mimi nilianza na lori. Kwa hiyo mnivumilie nikimsema vibaya mahali ambapo mwingine angemsifu, na nikimsifu mahali ambapo mwenyewe sikutaka.

Alikuwa balozi wa nyumba kumi, na sisi tulikuwa nyumba ya saba. Jina lake tulilijua, lakini hakuna aliyelitumia, hata mkewe alipokuwa hai alimwita Balozi. Alikuwa mfupi, mwenye matege, na kofia ya sufu ya kahawia ambayo hakuivua kwa mvua wala kwa jua. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini siku za msaragambo ungeisikia mpaka uvunguni mwa kitanda ulimojificha. Ukikosa kazi ya kijiji siku moja, alikuja kesho yake na jembe la ziada, akalisimamisha mlangoni kwako, akakaa kimya mpaka utoke. Hakuna aliyewahi kumshinda kwa kukaa kimya.

Kijiji chetu kiko chini kidogo ya Karatu. Huku ni mahindi na maharage, juu yetu kuna shamba kubwa la kahawa, na juu zaidi msitu unapanda kuelekea kreta ya Ngorongoro. Ukifuga kuku hapo unawafugia wengine. Kanu anashuka kutoka msituni, mwembamba, madoa mwili mzima, kama paka aliyevutwa akarefuka. Nguchiro anataka mayai. Nungunungu anachimba viazi usiku kucha na asubuhi anakuachia miiba yake kama shukrani. Na nyegere, jamani, nyegere akiingia bandani haachi hata kuku mmoja wa mbegu.

Lakini nimalize la lori kwanza, maana bila hilo mtaona namwonea mzee wa watu.

Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijijini, sabini na kitu. Sisi tulikaa ng'ambo ya korongo, upande wa Qurus, kila nyumba na kilima chake. Lori lilikuja asubuhi, na Balozi ndiye aliyeshika karatasi ya majina ya nyumba zake kumi. Nilikuwa na mimba ya Tumaini, mume wangu yuko kwenye kahawa. Mama yangu mzazi, ambaye nilikaa naye, alikuwa ameteremka korongoni kumtafuta ndama aliyepotea tangu jana yake. Vyombo vikapakiwa, kuku wakafungwa miguu, paa likaezuliwa. Dereva akapiga honi. Nikasema: "Balozi, ngoja. Mama yuko korongoni, hajarudi."

Akaangalia karatasi. Akaangalia mawingu. Akasema: "Atakuja na safari ya pili."

Safari ya pili haikuwepo. Mvua ilishuka siku ile ile, njia ikawa tope, lori likapelekwa kwingine. Mama akarudi na ndama wake, akakuta kuta zisizo na paa na hakuna mtu wa kumuuliza. Alikaa pale siku tatu. Baridi ya masika huku kwetu mnaijua. Mume wangu alipovuka korongo alimkuta amejikunyata ukutani, ndama amemlalia miguuni. Kichomi kilimchukua kabla mwezi haujaisha.

Sikumlaumu Balozi kwa lori. Lori halikuwa lake, na hata yeye nyumba yake iliezuliwa. Nilimlaumu kwa kutongoja. Nusu saa tu, Mungu wangu, si zaidi. Alikuja msibani akachimba kaburi tangu mwanzo hadi mwisho, akakataa kumpokeza mtu jembe. Hakuniambia neno, nami sikumwambia neno. Tangu siku hiyo nilimsalimia shikamoo, kwa kuwa nimelelewa, na akaitikia marahaba. Lakini kiti sikumpa. Miaka kumi na zaidi alikuja nyumbani kwangu, na kila mara aliongea amesimama, na watu wote wa nyumba kumi walijua kwa nini. Alikuja tu. Kila alipokuja aliangalia kile kiti kilichokuwa kibarazani, kisha akaangalia pembeni.

Sasa tabia zake.

Hakuna aliyewahi kumwona Balozi akirudia mzigo. Kama kuna ndoo tatu za maji, alibeba tatu: mbili mikononi, moja kichwani, shingo imekakamaa, maji yanamwagika mpaka kwenye viatu. Watu walimcheka. "Balozi, rudi tu mara ya pili, kisima hakihami!" Aliendelea na ndoo zake. Siku moja alibeba magunia mawili ya mahindi kwa mara moja, akaanguka mtaroni, akalala juma zima na kiuno. Mume wangu alisema huo ni ubahili wa miguu. Mimi nilinyamaza, kwa sababu nilijua ni maneno gani matatu asiyotaka kuyatamka.

Halafu kuhesabu. Tukitoka kanisani alisimama mlangoni akituhesabu kwa macho, midomo inacheza. Siku tulipokwenda Mbulu kwenye harusi, tumesongamana kwenye gari la shamba, alituhesabu mara tatu. Mara ya tatu dereva alichoka akamuuliza: "Mzee, hawa ni watu au ng'ombe?" Balozi akasema, "Anza upya, umenichanganya." Tukacheka wote. Mimi pia nilicheka, halafu nikakasirika kwamba nimecheka.

Na usimdhanie mpole wa kulia na wanyama. Mbuzi alichinja mwenyewe, na mfupa aliuvunja akanyonya uboho mpaka watoto wanaona haya. Hilo ndilo lililowachanganya watu. Anakula nyama hivi, kisha anambeba kanu mwizi begani saa nne nzima kumrudisha msituni! Ukimuuliza alisema: "Kuua naua, nikitaka kula. Kuua ili nisimwone tena, hapana." Nilimsikia akilisema hilo mbele ya mkutano wa kijiji.

Mitego yenyewe ilianza kwa sababu ya sumu. Jirani yetu mmoja, kibarua wa Singida aliyefanya kazi kwenye kahawa, alipaka sumu utumbo wa kuku akautupa nyuma ya banda kumsubiri nyegere. Nyegere hakuja. Wakafa mbwa watatu, mmoja wake mwenyewe. Balozi akapiga marufuku sumu katika nyumba zake kumi, na kwa juma zima tukasikia nyundo nyumbani kwake. Akatoka na sanduku refu la mbao, upana wake wa kumtosha mnyama kuingia lakini si wa kugeuka. Mlango wake uliporomoka kutoka juu, umeshikwa na kijiti, kijiti kina kamba, kamba inakwenda mpaka kwenye chambo mwisho wa sanduku. Mnyama akivuta, mlango chini. Sakafu yake haikuwa ya mbao. Ilikuwa ya wavu, ule wa meza za kuanikia kahawa, na sanduku lilikaa juu ya miguu minne mifupi.

Sanduku la kwanza alilileta kwangu. Hakusema kwa nini kwangu. Nikamwonyesha banda kwa kidole.

Kwa kanu aliweka kichwa cha kuku, kwa nungunungu mahindi ya kuchoma, na kwa nguchiro yai bichi lililotobolewa kidogo ili linuke. Akimkuta mnyama asubuhi, alifunika sanduku kwa gunia kwanza, kisha akangoja mpaka pumzi za mnyama zitulie. Ndipo alipoliinua. Nyegere mmoja alikula sanduku lenyewe, mlango na kijiti na kamba, akaondoka zake na chambo. Hapo tu ndipo nilipomwona Balozi akicheka mpaka akakaa chini. "Huyu," alisema, "haandikishwi kwenye karatasi ya mtu."

Ukimwambia kwamba anahamisha wanyama, alikurekebisha pale pale. "Simhamishi. Namsindikiza." Ndivyo unavyofanya kwa mgeni: akiaga unatoka naye, unamfikisha njia panda, mnaagana. Alimfikisha mnyama ukingoni mwa msitu, akafungua mlango, akageuka upande mwingine ili asimwaibishe wakati wa kutoka. Loo, hebu fikirieni, mtu mzima anampa kanu mgongo kwa adabu!

Na ile barua. Hii kila mtu aliisimulia, lakini mimi nilisimuliwa na mwenyewe, amesimama kibarazani. Mtu wa nyumba kumi akihama, balozi anamwandikia barua ya kumtambulisha huko aendako. Sasa watu walimtisha Balozi kwamba Bwana Nyama, yule ofisa wa wanyamapori, akimkuta na mnyama wa msituni kwenye sanduku atamfunga kama jangili. Balozi akawaza, akaona ni kweli, mtu hawezi kusafiri bila karatasi. Akakaa, akamwandikia barua fungo mmoja aliyekuwa amemnasa. "Mwenye barua hii nimemfahamu kwa miezi mitatu akiishi katika nyumba zangu kumi, ambako alikula ndizi na kuku. Anarudi kwao. Naomba apokewe." Akatia sahihi.

Na kweli akakutana na Bwana Nyama, juu kule kahawa inapokwisha. Bwana Nyama akaisoma barua mara mbili. Akacheka mpaka machozi. Akaikunja, akaitia mfukoni kwenda kuwaonyesha wenzake. Kisha, kwa utani tu, akauliza: "Na mwenyewe amekubali kuhama, Balozi?"

"Ukamjibu nini?" nilimuuliza.

"Sikumjibu," akasema. Akaangalia kiti changu, akaangalia pembeni, akaondoka.

Lakini kilichowagombanisha watu naye kilikuwa wavu ule wa chini. Kabla hajambeba mnyama yeyote alipiga magoti, akaingiza kichwa chini ya sanduku, akaangalia tumbo. Kisha alipitisha kidole katikati ya wavu. Kama ni jike na chuchu zimejaa, alisema, "Ana maziwa," na kabla hujabisha alikuwa ameshafungua mlango, pale pale, uani kwako! Mnyama anapita katikati ya miguu yenu na kurudi kwenye dari ile ile alikotoka. Mnaachwa hapo na kuku wenu. Watu walitukana. Yule wa Singida alisema afadhali sumu ilikuwa na msimamo. Balozi akasema: "Watoto wake wako hapa. Wakikua nitawasindikiza wote, kwa mara moja." Nilimwelewa kuliko alivyotaka nimwelewe, na hiyo ndiyo iliyonikera. Kumbe kanu alipewa kile alichonyimwa mama yangu.

Miaka ikaenda. Tumaini alishaanza shule, akafika darasa la nne, Balozi akaingiwa na mtoto wa jicho. Jicho la kulia likawa jeupe, la kushoto likafuata. Alitembea akipapasa ua. Mitego hakuiacha. Ila sasa alipopiga magoti hakuona kitu, basi akawa anaomba: "Niangalizie tumbo." Mwenye nyumba anaangalia, anamwambia, naye anafuata neno lake.

Mwaka ule kanu mmoja alinimaliza. Hakuwa na haya. Kuku wangu walikuwa kumi na wanne, wakabaki watatu, na jogoo aliyekatwa mkia. Mayai yale ndiyo yaliyomlisha Tumaini, ambaye alikuwa ametoka kuugua surua na nguvu hazijamrudia. Nilikuwa na hasira ya kuku, na chini ya hiyo kulikuwa na hasira ya zamani, na siku hiyo sikuzitenganisha.

Asubuhi mlango wa sanduku ulikuwa umeshuka. Balozi akaja, akafunika gunia, akangoja. Akapiga magoti, mkono mmoja chini ya sanduku, akasema, "Mama Tumaini, niangalizie tumbo."

Nikainama. Mambo yalikuwa wazi kabisa. Chuchu zilikuwa nyekundu, zimevimba, manyoya ya pembeni yamelowa na kulala. Hata mtoto mdogo angejua.

"Hana kitu," nikasema. "Peleka."

Hakuinuka mara moja. Alibaki pale amepiga magoti, uso wake umeelekea kwangu na yale macho meupe. Nikafikiri anapumzisha magoti.

"Hana?"

"Nimekwambia hana. Au unataka abakie mpaka anile na mimi?"

"Haya," akasema. "Umesema." Akajitwisha sanduku, akashika njia ya juu, akipapasa kwa fimbo.

Siku ya pili nilipokwenda ghalani kuchukua mahindi, nikasikia. Kule juu kwenye nyasi za paa, sauti nyembamba, mara inakatika mara inaanza. Nikajua ni nini. Mnajua nilifanya nini? Nilichota mahindi yangu, nikafunga mlango. Kutwa nzima nikatwanga kwa nguvu kuliko inavyohitajika, nisisikie. Nasema ukweli kwa sababu sasa ni mzee na sina wa kumwogopa. Tumaini ndiye aliyesikia aliporudi shule, na Tumaini ndiye aliyekimbia kwa Balozi.

Alikuja na ngazi. Yeye, kipofu yule, alipanda mwenyewe, kwa sababu hakumwamini mtu mwingine kupapasa. Walikuwa watatu, mmoja ameshakufa. Aliwatia kwenye ile kofia yake ya sufu, na kwa mara ya kwanza nikaona kichwa chake, kina mvi chache na kovu. Aliwanyonyesha maziwa ya mbuzi wake kwa kitambaa. Kila siku alipanda msituni na sanduku tupu na kichwa cha kuku, akaliweka pale pale alipomwachia yule mama, akingoja arudi. Alifanya hivyo siku sita. Mtu ambaye hakurudia mzigo hata wa maji alirudia njia ile mara sita, akianguka, akirudi na magoti yenye damu. Mama hakurudi. Wa pili akafa siku ya nne, wa tatu siku ya sita.

Watu walipomuuliza alisema: "Macho yangu, jamani. Ni macho yangu." Alilisema hilo mbele yangu, wazi, na kila mtu akamhurumia. Nami nikasimama hapo na ulimi wangu mdomoni. Akapachika masanduku yake chini ya paa na hakuyashusha tena. Kanu mwingine akaja akamaliza kuku watatu waliobaki, na kusema kweli nilishukuru.

Miaka miwili tuliishi hivyo. Alipita mbele ya nyumba yangu na hakuingia tena. Sasa mimi ndiye niliyemwangalia.

Kisha nikasikia mwanawe, fundi mwashi wa Arusha, anakuja kumchukua akakae naye. Nilichemsha mayai, maana nilikuwa nimeanza kuku upya, nikachoma na viazi vitamu, nikaenda. Pikapu ilikuwa imeshasimama, vitu vinapakiwa. Balozi alikuwa amekaa nje juu ya lile sanduku la kwanza, amevaa koti safi, mikono kwenye fimbo.

"Saita, Balozi," nikamsalimia kwa Kiiraqw, nilivyozoea kumsalimia kabla ya lori.

Akageuza kichwa haraka. "Saita, Mama Tumaini." Akasogea, akaniachia nafasi. Nikakaa. Tulikaa pamoja kwa mara ya kwanza tangu mama yangu afe, juu ya mtego.

Nikaona nisipolisema pale sitalisema tena. "Balozi, yule kanu alikuwa na maziwa. Nilikudanganya."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Kidole changu kilikuwa kwenye wavu. Kililowa."

"Ulijua? Ukampeleka?"

"Ulisema nipeleke." Aliongea taratibu, amenielekezea yale macho meupe. "Siku ile ya lori uliniambia ngoja, nikajifanya najua kuliko wewe. Basi siku ya kanu nikasema, safari hii nitamsikiliza huyu mama. Nitamsikiliza hata kidole kikikataa."

Nikasimama. Hasira ilinipanda mpaka sikioni, na sikujua ni ya kwake au ya kwangu. "Basi hukujifunza kitu! Mara ya kwanza hukunisikiliza, akafa mama yangu. Mara ya pili ukanisikiliza, wakafa watoto wa yule kanu. Ungemsikiliza aliyekuwa ndani ya sanduku!"

Mwanawe akasimama na godoro mikononi, akishangaa mama huyu anamgombeza baba yake siku ya kuaga. Balozi akatikisa kichwa polepole.

"Hilo nimeliwaza kila siku," akasema. "Kila siku, Mama Tumaini."

Na mimi je? Yeye alikuwa na sababu mbaya. Mimi nilikuwa na kuku. Nikakaa tena, nikamwekea kifurushi cha mayai mapajani, nikalia kwenye kanga yangu bila kujificha. Alinitafuta bega kwa mkono, akalikosa, akashika kona ya sanduku.

Dereva akapiga honi. Mawingu yalikuwa yamefunga upande wa msitu. Wakampandisha Balozi mbele, wakaweka sanduku nyuma kwa sababu alikataa kuliacha, wakafunga kamba.

"Na mbuzi?" Balozi akauliza. Alikuwa na mbuzi jike mmoja tu aliyebaki, yule yule wa maziwa, kizee sasa, amefungwa malishoni ng'ambo ya mashamba.

"Baba, mvua hiyo inakuja," mwanawe akasema, na akasema kwa upole, kijana wa watu, hakujua lolote. "Mbuzi atakuja na safari ya pili."

Niliuona uso wa Balozi kupitia kioo. Alishika tu kifurushi cha mayai kwa mikono miwili.

"Ngoja," nikasema.

Dereva akatoa kichwa. "Mama, tutakwama njiani."

"Nimesema ngoja! Zima gari."

Akanitazama, akamtazama mwana wa Balozi, akazima. Nikaondoka mbio, kwa umri ule, kandambili moja ikabaki tutani. Mbuzi mwenyewe, pumbavu, hakutaka kuja. Alinivuta, nikamvuta, akanila pindo la kanga, matone ya kwanza yakaanza kutupiga. Sijui nilikaa muda gani. Labda nusu saa.

Niliporudi gari lilikuwa pale pale. Mwanawe akanipokea mbuzi, tukamfunga kando ya sanduku. Balozi akashusha kioo, akamsikia mbuzi akilia nyuma.

"Wamengoja," akasema.

"Wamengoja, Balozi."

"Kumbe ilikuwa inawezekana."

Nilifunga mlango wa nyuma, nikaangalia kama kamba imekaza, nikapiga bati mara mbili, na dereva akaondoka.